Faili Linalogoma Baada ya Sengerema

Skrini ya basi ikizima njiani, abiria hawaulizi faili lilikuwa la aina gani. Wanamwita konda. Konda naye ana nauli za kukusanya na mizigo ya kushusha Sengerema, kwa hiyo anafanya lile analolijua: anachomoa flashi, anaipuliza, anaichomeka tena. Picha ikigoma kwa mara ya pili anafungulia redio, na safari inasonga hadi Geita kwa salamu za wasikilizaji na matangazo ya dawa za kienyeji.

Pleya niliyotengeneza kwa ajili ya mabasi yanayotoka stendi ya Nyegezi, Mwanza, ilitokana na kero hiyo. Mwenye mabasi, mzee asiyependa maneno mengi, alinipa sharti moja tu: "Kijana, sitaki konda wangu awe fundi. Akichomeka, icheze." Kucheza video si kazi ngumu siku hizi. Injini za bure zipo, VLC na FFmpeg zikiwa ndizo zinazojulikana zaidi. Ukifunga mojawapo kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi 3, ukaivutia umeme wa betri ya basi na kuificha nyuma ya kiti cha dereva, muvi inacheza. Utata uko kwenye lile sharti la mzee. Akichomeka nini?

Flashi ya basi hupita mikono mingi. Dereva ana kwaya zake, utingo ana singeli, kijana wa duka la Makoroboi kaongeza vichekesho, abiria aliyekaa siti ya mbele kaomba iwekwe harusi ya dada yake iliyorekodiwa kwa simu. (Haki za wenye kazi nilimwambia mzee azimalize mwenyewe na COSOTA, ofisi ya hakimiliki; hilo pleya haiwezi kulijua.) Mafaili hayo yametoka kwenye simu, kompyuta, WhatsApp na flashi nyingine, na kila hatua ina namna yake ya kuyajeruhi. Kwa hiyo nilichokuwa naandika hasa kilikuwa mkaguzi: programu inayopita kwenye flashi basi likiwa bado stendi, ikasema lipi litacheza na lipi litagoma.

Mkaguzi wa kwanza ambao kila mtu huuandika ni ule wa kuangalia mwisho wa jina. Likiishia na .mp4 ni video, likiishia na .mp3 ni wimbo. Huo unafaa kwa kuchuja takataka tu, na hata takataka haziishi. Flashi ikipita kwenye kompyuta ya Apple, kando ya kila faili huweza kubaki kivuli chake, jina lilelile likianza na nukta na mstari wa chini, kwa mfano "._harusi.mp4". Ni faili dogo la kilobaiti chache lenye taarifa za mfumo tu, halina picha wala sauti, lakini mwisho wa jina lake ni .mp4 safi kabisa. Konda akiona orodha yenye kila muvi mara mbili, atabonyeza ile isiyocheza, usiwe na shaka. Kuna pia virusi vya flashi vinavyoficha mafaili halisi na kuacha njia za mkato zenye majina yaleyale.

Hatua inayofuata ni kusoma baiti za mwanzo za faili, maana humo kila aina ina alama yake. MP4 huwa na herufi "ftyp" kuanzia baiti ya tano. AVI na WAV huanza na "RIFF". Faili la MKV huanza na baiti nne, 1A 45 DF A3. Ogg huanza na "OggS", na sauti nyingi za WhatsApp ziko humo. Kwa kusoma hizo tu unamnasa aliyebadilisha jina la AVI kuwa MP4 akidhani ndiyo kugeuza, na wapo wengi. Lakini hapo si pa kumkataza mtu, kwa sababu injini nzuri hazijali jina. Hufungua na kuangalia ndani. Faili lenye jina la uongo linaweza kucheza bila tatizo lolote. Mimi baiti za mwanzo nazitumia kwa jambo moja: faili ambalo mwanzo wake ni sifuri tupu, au ni ukurasa wa tovuti (HTML) uliopakuliwa badala ya wimbo, halifiki hatua za mbele.

Baada ya hapo unaita ffprobe, kifaa kinachokuja pamoja na FFmpeg. Unakielekeza kwenye faili, kinakurudishia maelezo kwa mtindo wa JSON, maandishi ambayo programu huyasoma kwa urahisi: kasha linalobeba picha na sauti (MP4, MKV na kadhalika) ni la aina gani, ndani mna mikondo mingapi, upi wa picha na upi wa sauti, kodeki gani (yaani mbinu iliyotumika kuzibana), urefu wa sekunde ngapi. Watu wengi huishia hapa. Ffprobe ikijibu vizuri, faili linapewa alama ya kijani. Lakini ffprobe inakwambia faili linavyojieleza, na ina mitego yake midogo. Nyimbo nyingi za kwaya zina picha ya jalada la albamu ndani yake, na picha hiyo huorodheshwa kama mkondo wa video. Pleya inayouliza tu "kuna video?" itaupeleka wimbo kwenye orodha ya muvi, na abiria wataangalia picha moja ya wanakwaya waliovaa majoho kutoka Usagara hadi Busisi. Jibu liko kwenye kipengele kinachoitwa attached_pic: kikiwa 1, hiyo ni picha ya jalada.

Mtego mkubwa zaidi ni faili lililokatika. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mafaili mengi niliyoletewa yalikuwa ya namna hii.

Faili la MP4 limejengwa kwa visanduku. Kimoja, mdat, kimebeba picha na sauti zenyewe. Kingine, moov, ni faharasa inayosema kila fremu, yaani kila picha moja ya video, iko wapi. Bila moov, mdat ni rundo la baiti zisizosomeka. Simu inaporekodi huandika mdat kwanza na kuweka moov mwishoni, ukibonyeza kusimamisha. Betri ikizima katikati ya harusi, moov haikuandikwa, na ffprobe itasema wazi "moov atom not found". Huyo ni mgonjwa anayejisema mwenyewe, hana shida. Shida ni pale video iliyotengenezwa kwa ajili ya intaneti, ambayo moov imewekwa mwanzoni, inapokatika njiani wakati wa kunakiliwa. Faharasa ipo nzima. Ffprobe inasoma, inakwambia muvi ina saa moja na dakika arobaini, kodeki ni hii, ukubwa wa picha ni huu. Kijani. Kumbe nusu ya mdat haipo. Basi linavuka daraja la Kigongo–Busisi, muvi inacheza vizuri, na jambazi anapokaribia kukamatwa, giza.

Kulinasa faili hilo ni rahisi ukishajua: kila kisanduku kimeandika ukubwa wake mwanzoni. Unasoma ukubwa wa mdat, unajumlisha na mahali kilipoanzia, ukivuka mwisho wa faili basi limekatika. Kazi ya sekunde isiyofika hata moja, bila kufungua fremu yoyote. MKV ikikatika ina heshima kidogo, hucheza hadi pale ilipoishia, ingawa kuruka mbele au kurudi nyuma huwa taabu. AVI faharasa yake iko mwishoni, lakini injini nyingi huweza kuikisia upya. Kwa hiyo neno "limekatika" halina adhabu moja; MP4 naikataa, MKV naipitisha na kuandika urefu wake halisi.

Mafaili hukatikaje? Kuna anayechomoa flashi pale tu dirisha la kunakili linapofunga, wakati kompyuta bado ina baiti kwenye kumbukumbu haijazimwaga. Kuna muvi inayozidi GB 4 kwenye flashi ya mfumo wa FAT32, ambao hauwezi kubeba faili la ukubwa huo. Programu nyingine hukataa mapema, nyingine huandika hadi inapogonga ukuta na kuacha kipande. Kuna programu za kupakua zinazotenga nafasi nzima ya faili mapema na kujaza sifuri, kisha zinaweka data kidogokidogo. Mtu akinakili kabla upakuaji haujaisha, anapata faili lenye ukubwa kamili na matundu ya sifuri ndani. Lile hesabu la mdat halilioni hilo. Na kuna flashi za bandia.

Konda mmoja alinipigia simu akiwa stendi, sauti imepanda.

"Kaka, hii kitu yako imeandika flashi mbovu, na flashi mpya kabisa, hata karatasi lake ninalo."

"Ni ya GB ngapi?"

"Sitini na nne. Elfu saba tu."

"Umechukua dukani au kwa machinga?"

"Ng'wanawane, si wanatembeza hapahapa stendi!"

Flashi za namna hiyo zimepangwa ziidanganye kompyuta kuhusu ukubwa wao. Ndani kuna nafasi ya GB 8, pengine chini ya hapo. Ukivuka hapo, data inaandikwa juu ya ile ya zamani au inapotea tu. Majina ya mafaili yanabaki yote, ukubwa unabaki sawa, yaliyomo hayapo. Ya kwanza kuwekwa yanacheza, ya mwisho yanagoma, au kinyume chake. Mkaguzi wangu huchota vipande vidogo kutoka sehemu mbalimbali za kila faili na kuangalia kama ni sifuri tupu au kama vinafanana herufi kwa herufi na vipande vya faili jingine. Video iliyobanwa haifanani hivyo kwa bahati. Mafaili kadhaa ya flashi moja yakiwa na dalili hiyo, ujumbe unailenga flashi yenyewe. Kwa anayetaka kuhakikisha kwa kina iko programu ya F3, inayoijaza flashi yote na kuisoma upya, ila hiyo haifai kukimbizwa basi likiwa linapakia abiria.

Sasa chukua faili zima, lisilo na tundu, lililonakiliwa kwa utaratibu, linalocheza kwenye simu ya konda. Lichomeke kwenye basi: sauti inasikika, picha hamna, au picha inaruka kama mtu anayepanda ngazi. Kodeki ya H.264 ilipitishwa mwaka 2003, na Raspberry Pi 3 ina saketi maalumu ya kuifungua hadi ukubwa wa 1080p. Mrithi wake, HEVC, alikuja 2013, na kwenye Pi 3 hana saketi. Kazi yote inaangukia prosesa, ambayo haitoshi kwa picha kubwa. Pi 4, iliyotoka 2019, ndiyo iliyopewa saketi ya HEVC. Hata H.264 yenyewe, ikiwa ya biti 10 kwa rangi, saketi ya Pi 3 haiigusi. Baadhi ya simu za sasa hurekodi kwa HEVC bila kumwambia mwenye simu, na muvi nyingi husambazwa hivyo kwa sababu faili linakuwa dogo.

Faili la namna hiyo limeharibika? Hapana. Litacheza? Kwenye simu ndiyo, kwenye basi hapana. Hapo ndipo swali langu lote lilipogeuka. Nikaacha kuuliza kama faili ni zima, nikaanza kuuliza kama kisanduku hiki cha basi, kwa umeme huu, kinaweza kulifungua kwa mwendo unaotakiwa. Hilo huwezi kulijibu kwa kusoma maelezo. Hata vivinjari vya intaneti vimekiri: ukurasa ukikiuliza kivinjari kwa canPlayType kama kinaweza kucheza aina fulani, majibu yanayowezekana ni kimya, "maybe" na "probably". Hakuna "yes" humo.

Kwa hiyo mkaguzi huonja. Anafungua sekunde chache za mwanzo, za katikati na za karibu na mwisho, anazitupa bila kuzionyesha, na kupima muda. Sekunde tano za picha zikifunguliwa kwa sekunde mbili, kuna nafasi ya kutosha. Zikichukua sekunde saba, faili hilo litakwama njiani hata kama ni zima. Kuonja huko hunasa na yale matundu ya sifuri yaliyoangukia humo, maana kifungua kodeki kikifika hapo huanza kulalamika.

Malalamiko hayo yanahitaji busara. FFmpeg ikimaliza kazi inaweza kurudisha sifuri, alama ya mafanikio, huku imeandika mistari mingi ya makosa njiani. Ukitegemea alama hiyo peke yake umepofuka. Ukienda upande wa pili ukaiamuru isimame kwenye kosa la kwanza, utakataa nusu ya video za zamani za muziki, ambazo fremu moja mbili zimeharibika na hakuna abiria aliyewahi kugundua. Maonyo kuhusu mpangilio wa nyakati za fremu mimi siyahesabu kabisa. Nahesabu fremu zilizofunguka dhidi ya zilizotarajiwa, na kiwango cha kukataa nilikipanga kwa kukaa siti ya nyuma na kusikiliza watu. Picha ikichanika vibokisi kwa sekunde moja, wanaendelea kutafuna karanga. Sauti ikipotea, wanapiga kelele papo hapo. Kwa hiyo mkondo wa sauti naukagua kwa ukali kuliko wa picha.

Jambo moja la kiufundi nisilolipa mjadala: ukaguzi wote ufanyike kwenye prosesi (programu inayojiendesha peke yake) tofauti na pleya, yenye kikomo cha muda. Faili bovu halirudishi kosa kwa adabu kila wakati. Mengine huizungusha programu bila mwisho, mengine huiangusha kabisa. Prosesi ndogo ikianguka, hilo lenyewe ni jibu. Pleya inaandika "limekataliwa" na kwenda kwa linalofuata. Majibu yanahifadhiwa pamoja na jina, ukubwa na tarehe ya faili, ili kesho flashi ileile isikaguliwe upya huku dereva anapiga honi.

Na bado yapo yatakayopenya. VLC ina tukio la kutangaza kosa, lakini halitokei kila unapolitarajia. Picha ikishindikana na sauti ikaendelea, kwa VLC mambo ni shwari. Saa ya uchezaji nayo inafuata sauti, kwa hiyo inatembea hata skrini ikiwa nyeusi. Nilichoweka ni mlinzi anayesoma idadi ya fremu zilizoonyeshwa na zilizopotea, takwimu ambazo VLC inazitoa. Fremu zisipoongezeka kwa sekunde kadhaa, pleya inaruka kwenda faili linalofuata lililofaulu.

Mlinzi huyo ndiye aliyenifundisha kuhusu umeme. Basi moja lilikuwa likikataa mafaili yaliyokubalika kwenye mengine yote, tena yaleyale kwa flashi ileile. Kifaa cha kushusha umeme kutoka volti 24 kilikuwa dhaifu, na Pi 3 ikipata chini ya takriban volti 4.63 huweka alama ya radi pembeni ya skrini na kujipunguzia kasi. Abiria waliiona radi hiyo kabla yangu. Tangu hapo mkaguzi anauliza kwanza hali ya umeme kwa amri ya vcgencmd get_throttled. Umeme ukiwa mdogo, hakuna faili linalohukumiwa.

Kilichobaki ni namna ya kusema. Konda hana haja na neno kodeki. Ujumbe wangu una sababu tatu tu, na kila moja inamwambia la kufanya: "Limekatika, linakiliwe upya." "Aina hii haifai kwenye basi hili, omba ya H.264." "Flashi ina kasoro, tumia nyingine." Mafaili yaliyokataliwa hayafutwi, maana harusi ya mtu si yangu kuifuta, yanaondolewa kwenye orodha ya kucheza tu. Na lisipobaki hata moja, basi lina muziki wake wa akiba ndani ya kisanduku, uliochaguliwa na mzee mwenyewe. Makonda hawaupendi kabisa, na nadhani ndio unaowafanya wasome ule ujumbe.

Siku hizi ukaguzi unaanzia dukani. Dada anayewajazia flashi pale Makoroboi aliniambia amechoka kurudishiwa watu wakali asubuhi: "Kaka, kwangu zinacheza zote, wewe unaniambia mbovu!" Na ni kweli kwake zinacheza, ana kompyuta yenye nguvu. Kwa hiyo programu niliyomwekea haionji kwa uwezo wa mashine yake. Inasoma faili dogo la maandishi lenye uwezo wa kisanduku cha basi: kodeki zinazokubalika, ukubwa wa mwisho wa picha, biti ngapi za rangi, mfumo gani wa flashi. Kisichofaa kinageuzwa kuwa H.264 hapohapo, kazi inayochukua muda mrefu kwa muvi nzima, ndiyo maana sasa wateja wa mabasi anawataka walete flashi jioni. Mzee ameanza kununua Pi 4 kwa mabasi mapya ya Bukoba, na lile faili la maandishi limekuwa mawili. Dada huuliza kwanza namba ya basi.